Ruta Niliyoifungua Wakati wa Matanga

Anayedhani natunga, aje Kasulu nimwoneshe kompyuta yenyewe. Ipo kabatini, na sina hamu ya kuiwasha.

Baba yetu ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika. Kabla hajazidiwa nilimrekodi akisimulia walivyovuka kutoka Burundi, na kila mara alianza kwa kupiga makofi ya salamu, kama wazee wetu wanavyoamkia. Dada yangu Konsolata, anayelima Murungu kule Kibondo, hakuyawahi mazishi. Akanililia kwenye simu, "Kaka, na mimi nimsikie baba."

Faili zilikuwa nzito kutuma. Basi mimi, fundi wa kujifunzia mtandaoni, nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, nikaruhusu mtu aliye nje aifikie kompyuta ya nyumbani moja kwa moja. Neno la siri nikaliondoa. Unajua kwa nini? Kwetu nyumba yenye msiba haifungwi mlango mpaka matanga yaanuliwe. Niliona haya kumwekea dada yangu kufuli huku tunalia. Ujinga gani huo, jamani!

Konsolata alisikiliza siku mbili. Siku ya tatu, mchana kweupe, nakula ugali mbele ya kompyuta, mshale ukaanza kutembea wenyewe. Nikampigia.

"Mie niko shambani, kaka, navuna maharage."

Sasa nani alikuwa anafungua sauti za baba, moja baada ya nyingine? Kwenye skrini yakaandikwa maneno: "Msihangaike. Nilikuta wazi." Nikachomoa waya wa umeme. Nilipowasha tena, sauti zote hazikuwepo, na nakala nyingine sikuwa nayo.

Jioni ile Konsolata akapigiwa na namba isiyoonekana. Kwanza makofi, kisha sauti ya baba ikamwita Kanyana, jina lake la utotoni, ikamuuliza kama amemaliza kuvuna maharage. Baba hakurekodi maneno hayo popote!

Nilimwambia dada huyo ni mwizi, siku hizi mashine zinaiga sauti za watu. Namba ya Konsolata si ilikuwa kwenye kompyuta yangu? Lakini mwizi gani huyu, mpaka leo hajaomba kitu?

Sauti ile inampigia kila Jumapili baada ya misa. Nilipomsihi asipokee, alinijibu, "Wewe ulikaa naye mpaka anakata roho. Niachie huyu wangu." Tangu hapo hakanyagi kwangu. Matanga yalipoanuliwa hakuja, eti hajafiwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nawe uliyeiacha kompyuta yako wazi kwa ajili ya umpendaye, nenda kafunge sasa hivi, hata kama hujamaliza kusoma. Mimi sauti ya baba naanza kuisahau. Jumapili huwa nakaa na simu mkononi, najichukia, na haijalia hata mara moja.