Chuma Kikipoa Hujivuta

Kibanda changu cha uji kimegusana na karakana ya Mbaluka hapa Zombe, kwa hivyo kazi yake naijua kwa macho: mageti, vitanda, mikokoteni ya punda. Alikulia Tseikuru akichunga mbuzi, na mpaka leo akitaka kuwaza huchuchumaa kama mchungaji, mikono juu ya magoti.

Magari yalikuwa yamemkataa. Mwaka jana Evanson, dereva wa zahanati moja ya kanisa, alimletea gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Alitaka hausingi ya mbele itiwe nguvu, yaani lile bomba nene la chuma linaloshika magurudumu ya mbele. Mbaluka alilaza bamba la chuma chini ya bomba, akalichomelea lote kwa mara moja. Baada ya wiki tatu tairi zilikuwa zimelika upande mmoja, kama muhindi uliopitiwa na panya. Soko lote lilijua.

Kwa hivyo nilishangaa Jumanne moja kumwona Evanson akishuka tena garini mbele ya karakana.

"Hili ni lingine," alisema. "Mawe ya Tseikuru yamekunja hausingi. Mafundi wa Kitui wana foleni, na Alhamisi nabeba chanjo. Ukiharibu na hii, fundi, rudi kwa vitanda ukae huko."

Mbaluka alichuchumaa.

Jumatano asubuhi hausingi ilikuwa juu ya mbao mbili, imesuguliwa kwa mafuta taa. Akaja kwangu, akaniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, nipe uzi wa kiondo." Nilikuwa nasuka huku mtoto wangu Kanyiva ananyonya. Nikamkatia kama pima moja.

Aliweka nati ncha hii na nati ncha ile, akavuta uzi juu yake. Halafu akapitisha nati ya tatu, saizi ileile, katikati chini ya uzi. Ilipita, nafasi ikabaki. Ncha zilikuwa zimeinuka.

"Ile ya mwaka jana ilipindaje?" nilimuuliza.

"Chuma kikipoa hujivuta pale kilipochomwa. Nilichoma chini, ncha zikashuka. Na sikupima."

Nikatazama zile ncha zilizoinuka. "Sasa hizi ukizichoma chini?"

"Mama Kanyiva, wewe uza uji," alisema, lakini alikuwa anacheka.

Akapindua hausingi, akalaza bamba. Safari hii alichomelea urefu wa kidole huku, kidole kule, akaacha nafasi katikati. Aliniomba jivu la moto kutoka mafigani, akafunika pale palipochomwa. Evanson akaja na ndoo ya maji.

"Mwagia ipoe, twende!"

"Ukimwagia itapasuka kama chungu. Na hiyo ndoo ni ya mama, irudishe."

"Asi! Chanjo hazingoji jivu!"

"Basi zitangoja tairi."

Kila ilipopoa aliigeuza, akavuta uzi, akapitisha nati. Kwanza nafasi ilikuwa unene wa kijiti cha kiberiti. Halafu unene wa ukucha. Nilisahau wateja, uji ukashika chini. Saa kumi hivi nati iligusa uzi, ikakwama kidogo tu.

Mbaluka alivua miwani yake ya kuchomelea.

"Na hapa katikati?" Evanson akaonyesha zile nafasi. "Umeacha wazi. Maliza kazi."

"Nikijaza hapo, ncha zitashuka kama zile zako za kwanza. Imetosha."

Gari liliondoka Alhamisi. Mbaluka akarudi kwa kitanda cha mtu, lakini kila injini iliposikika barabarani alitoka kuangalia. Alikaa hivyo wiki tatu.

Evanson aliposimama siku moja kunywa uji, Mbaluka hakumsalimu kwanza. Alichuchumaa akapapasa tairi ya mbele, ndani na nje, akazunguka upande wa pili akapapasa tena.

"Iko aje?" niliuliza.

"Njoo ushike mwenyewe."

Nikashika. Meno ya ndani na ya nje yalikuwa marefu sawa.

Evanson alimaliza kikombe, akapangusa mdomo. "Lile la kwanza bado linakula tairi. Nikilileta Jumatatu utasemaje?"

"Lile ncha zimeshuka," Mbaluka alisema polepole.

"Si litachomwa juu?" nikasema mimi.

Alinitazama, akaanza kucheka tena. "Mwaitu, weka jivu."