Kigelegele Kilichonitoa Kwenye Mstari

Jamani, ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Yule kijana mweusi mrefu kwenye ile video iliyozunguka kwenye simu za watu, yule mwenye kofia ya manyoya, ameinama mbele ya bibi mmoja wa Kiarabu pale Jeddah anampulizia tarumbeta huku nyuma yake bendi nzima ya chuo imevurugika, ni mimi. Nilikana sana. Hata kinyozi wangu wa Batha, mtaa mmoja wa hapa Riyadh, nilimwambia huyo ni mtu tumefanana tu (akanitazama, akaitazama simu, akaendelea kuninyoa kimya). Leo nasimulia yote, maana wanaoisimulia bila mimi wanakosea, na wanacheka mahali pasipochekesha.

Mama yangu anafanya kazi za ndani Jeddah. Aliondoka Temeke nikiwa darasa la tano, akarudi likizo mara moja tu nikiwa kidato cha kwanza, na likizo yenyewe haikuisha, kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini kazini, akamwita. Baada ya hapo tukawa watu wa simu. Kwa hiyo nilipopata ufadhili wa kusoma Riyadh, mtaani walinipongeza kwa ajili ya chuo, lakini mwenzenu kichwani nilikuwa na jambo moja tu, kwamba nakwenda nchi aliyopo mama. Sikujua kwamba kutoka Riyadh mpaka Jeddah unakalia makalio siku nzima, wala kwamba nyumba anayoishi haiingii mgeni mwanamume, awe mwanawe awe nani, na kwamba madam wake hamruhusu kutoka peke yake hata kwenda dukani. Muhula wa kwanza ukapita hivyo, tuko nchi moja na bado tunaonana kwenye kioo cha simu, na kioo chenyewe cha kwake kimepasuka, nusu ya uso wake siioni.

Sasa hapo ndipo ilipoingia bendi. Chumbani nalala na Shabani, Mkenya wa Nakuru, mtu wa maneno mengi. Siku moja akaja mbio akaniambia, "Buda, chuo wanaunda bendi ya gwaride, wanataka wageni wa mwaka wa kwanza pia, na mwezi ujao wanaenda Jeddah kupita kule Kornishi, barabara ya baharini. Na basi ni ya chuo." Mengine aliyosema sikuyasikia. Nilishasimama, natafuta viatu.

Ni lazima niwaeleze kwamba tarumbeta nalijua. Baba yangu mdogo ana kikundi cha matarumbeta ya harusi, wale wanaopanda nyuma ya pikapu kumfuata bibi harusi, na mimi nilianza kupuliza kabla sijaota ndevu. Na kwenye matarumbeta kuna sheria moja, baba mdogo alikuwa hamsamehe anayeivunja: mwanamke akipiga kigelegele, hukipiti. Unageuka, unamfuata hukohuko aliko, unainama mbele yake, unafumba macho, unampigia yeye peke yake mpaka aridhike. Ukikipita umemdharau, na harusi nzima itajua. Nilifanya hivyo Jumamosi zote za ujana wangu, mpaka ikawa haipiti tena kichwani, inatoka masikioni inashuka moja kwa moja miguuni.

Mwalimu wa bendi, Mwalimu Fathi, ni Mmisri aliyestaafu bendi ya jeshi, ana masharubu na fimbo yenye kichwa kinachong'aa, na siku ya majaribio alinisikiliza akasema pumzi ninayo, sauti ninayo, tatizo ni kiuno. Kweli, nilikuwa siwezi kupuliza bila kuyumba. Basi tukawa tunafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari baada ya alasiri, lami bado inachoma mpaka unaisikia kwenye soli, na yeye anatembea nyuma yangu ananigusa kiuno kwa fimbo kila kinapocheza, na wenzangu wanakufa kwa kicheko. Kilipotulia (nilikitesa kweli), akaniweka mwisho wa mstari, mkono wa kulia, kwa sababu ya urefu wangu. Akawaambia wapiga tarumbeta wote kwamba kazi yao ni moja tu, wafuate bega la aliye mwisho kulia, akienda waende, akisimama wasimame, wasiulize. Na kulia kabisa hakuna mtu mwingine, ni mimi. Nilijiona mkubwa, msinione hivi.

Mama nilipomwambia, akasema atawatia watoto wa madam hamu ya gwaride, wakimsumbua mama yao wataletwa, na wakiletwa yeye ndiye wa kuwashika mikono. Ikawa. Madam akakubali. Mama akasema atasimama mbele ya duka la juisi lililo karibu na mzunguko, analijua, ana uhakika nalo. Hapo ndipo nilipofanya ujuaji wangu. Nikamwambia hapana mama, watu watakuwa wengi, wanawake wote mmevaa abaya nyeusi, nitakuonaje? Wewe ukiniona piga kigelegele, mimi nitajua uko wapi.

"Na huku nao wanapiga vigelegele, mwanangu," akasema. "Tena hawa wa Jeddah ndio hodari."

"Chako nakijua," nikamjibu. "Hata wapige elfu moja, chako nakijua."

Na niliamini hivyo. Kigelegele cha mama nilikuwa nacho kichwani tangu harusi ya mjomba, nikiwa mdogo: kirefu, chembamba, kinapanda, kinakatika katikati kidogo, halafu kinapanda tena. Usiku nikikosa usingizi hosteli nilikuwa nakisikiliza chenyewe, maana uso ulikuwa umeanza kunipotea.

Siku ikafika. Tulipanda basi, tukalala Jeddah kwenye bweni la chuo kingine, asubuhi nikampigia mama, hakupokea, nikajisemea anawavisha watoto. Alasiri tukapangwa. Koti jekundu lenye vifungo, glavu nyeupe, kofia yenye manyoya ambayo mkanda wake ulikuwa unanikaba kidevu, na joto la Jeddah lile lenye majimaji, koti likanigandia mgongoni hata kabla hatujatembea. Watu wamejaa pande zote mbili za barabara, simu juu. Mwalimu Fathi mbele na fimbo yake pamoja na wabeba bendera wawili, nyuma yao sisi matarumbeta, nyuma yetu Shabani, aliyejiunga pamoja nami, na lile goma kubwa limemficha mpaka macho. Tukaondoka. Na nawaambia, tulipendeza. Kiuno kimetulia, macho mbele, ila masikio yangu yote mawili nilikuwa nimeyatega upande wa watu.

Tulipolipita duka la juisi sikugeuka kutazama. Kwa nini nitazame, wakati tumekubaliana kigelegele?

Mbele kidogo, upande wa kulia, nikakisikia. Kirefu. Chembamba. Kikapanda, kikakatika katikati, kikapanda tena.

Miguu ikaenda. Sina cha kuongeza hapo, iliondoka tu, na tarumbeta nalo likaachana na wimbo wa gwaride likaingia kwenye wimbo wetu wa kumtoa bibi harusi ndani, na kiuno, kile nilichokitesa mwezi mzima, kikafunguka chote mbele ya umma. Mstari mzima wa matarumbeta ukanifuata, maana ndivyo walivyofundishwa, bega la kulia likienda waende wasiulize, wanahangaika kuutafuta wimbo wasioujua, hawaupati, lakini wanakuja. Wa nyuma wakagongana na wa mbele, tuba moja, lile tarumbeta kubwa lenye mdomo mpana, ikachota bendera ya duka. Na Shabani, mtu niliyetegemea angenivuta koti, alipousikia mdundo wa harusi akaupokea kwa ngoma kubwa kwa moyo wake wote (baadaye nilimuuliza, akaniambia, "Lakini beat ilikuwa tamu, buda"). Mwalimu Fathi hakujua kitu. Aliendelea kutembea na fimbo na bendera zake mbili, barabara nzima yake peke yake.

Mimi nimeshafika. Nimeinama, nimefumba macho, nampigia mama yangu. Nilipiga yote niliyokuwa nayo, nilipiga na miaka yote ya simu, na nasikia kigelegele kiko juu ya kichwa changu kabisa, na watu wanapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Nilipoishiwa pumzi nikashusha tarumbeta, macho bado yamefumba kwa sababu nilitaka kuyafumbua mara moja tu nimuone, nikasema, "Shikamoo mama."

Nikafumbua. Bibi wa watu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mtandio mweupe, hina mikononi, machozi yanamtoka, na wajukuu wake wamemzunguka wananipiga picha. Akaniwekea mkono juu ya ile kofia ya manyoya, akaniambia kwa Kiarabu Mungu akuhifadhi, mwanangu. Neno lile kuambiwa ana kwa ana, na mtu mwenye mkono wa kunigusa, nilikuwa nimelisahau lilivyo. Nilitaka kumshukuru, lakini badala yake nikageukia umati nikaanza kuita. Mama. Mama. Na koti lile na glavu zile, mtu mzima na masharubu yameanza, naita mama mbele ya Jeddah yote, na wanawake kumi, kumi na tano wamegeuka kunitazama kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliye wangu. Hiyo ndiyo sehemu iliyokatwa kwenye video, na namshukuru aliyeikata.

Mwalimu Fathi alirudi akinijia kwa mwendo wa kijeshi, nikajua leo nafukuzwa. Akanishika kiwiko, akanipeleka pembeni, Shabani akamweleza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga nani niliyekuwa namtafuta. Mzee akauliza jambo moja tu, "Umemwona?" Nikatikisa kichwa. Tuliporudi Riyadh adhabu yangu ikawa kuhamishiwa katikati ya mstari, mahali ambapo hata nikigeuka hakuna wa kunifuata.

Mama alipiga simu siku mbili baadaye, baada ya chakula cha mchana, madam akiwa amelala. Alikuwa ananong'ona. Siku ile walikuja wageni wa ghafla, watu wa mumewe madam kutoka Taif, safari ya watoto ikafutwa, yeye akaingizwa jikoni na simu yake iko kwenye chaji sebuleni katikati ya wageni, hakuthubutu kuifuata. Alisema alikuwa anakata vitunguu saa ile ninayopita, na kwamba vilimsaidia, kwa sababu hakuna aliyemuuliza analia nini. Halafu akaniambia kwamba ile video ameiona. Watoto wa madam walimletea jikoni wakicheka.

"Nikawaambia huyu ni mwanangu," akasema. "Wakacheka zaidi. Wakasema kwako kila Mwafrika ni mwanao." Akavuta pumzi. "Ninayo hapa kwenye simu, Mbwana. Kila nikiiwasha, namtoa yule bibi kwenye kiti, nakaa mimi."

Nikachukua tarumbeta, nikalisokomeza taulo kwenye mdomo wake wa mbele ili lisisikike korido nzima, nikaiegemeza simu kwenye mto, nikampigia wimbo uleule polepole, nimeinama kweli, nimefumba macho kweli. Nilipomaliza kukawa kimya upande wa pili, nikadhani madam ameamka. Kumbe amejiziba mdomo kwa kiganja. Akanipigia kigelegele, kidogo, cha ndani ya mkono.

Kilikuwa kifupi. Kinene. Kimeshuka moja kwa moja mpaka mwisho.

Nikamuuliza mbona leo hakukata katikati kama alivyokuwa anakata zamani. Akacheka, kicheko chake cha kunong'ona, akaniambia, "Mimi sijawahi kukata, mwanangu. Anayekata ni mama yako mkubwa Zuhura."

Nikaichukua simu pale kwenye mto nikaiweka sikioni. Miaka yote ile, usiku wote ule hosteli, nilikuwa nalala na kigelegele cha mtu mwingine, na bado nikamwapia mama kwamba chake nakijua. Nikamwambia apige tena. Akasema madam ataamka. Nikamwambia kidogo tu mama, nikijue. Akapiga.

Siku hizi madam akilala mchana ananipigia, na mimi nasikiliza kama mtu anayejifunza somo lililomshinda. Bendi inatarajiwa kwenda Jeddah tena, na Mwalimu Fathi amesema nitakuwepo, katikati. Vigelegele vya wote nitavipita, baba mdogo anisamehe. Mama nimemwambia asipige chochote, asimame tu pale mbele ya duka la juisi kama alivyotaka yeye tangu mwanzo, na safari hii nitageuka kutazama.