Kuku wa Mgeni

Siku niliyofika nyumbani Kibomet, kando ya mji wa Kitale, mama yangu alichinja kuku, na hapo ndipo nilipoanza kuudhika. Kwetu kuku huchinjwa mgeni akija. Mimi si mgeni. Nilizaliwa katika nyumba hiyo hiyo, na binti yangu pia.

Msidhani nilikimbilia Nairobi kwa tamaa. Nilitafuta kazi Kitale mjini nikachoka, nikateremka mpaka Bungoma, na kote ni yale yale, "tutakupigia simu." Nikamwachia mama mtoto kabla hajajua kutembea, nikaenda kufunga pakiti za unga katika kampuni moja ya kusaga mahindi huko Nairobi. Na mahindi yenyewe yanatoka wapi? Endebess, huku huku kwetu! Malori yanayoyabeba yanapita Kitale hapo hapo. Yaani hata hindi letu, ili lipate bei ya maana, sharti liende Nairobi kwanza. Inaniuma mpaka leo.

Basi siku hiyo nilikuwa nimebeba unga wa kampuni kama zawadi. Mama akaupokea akicheka, "Ai! Umeturudishia mahindi yetu?" Nami nikacheka, lakini sikufurahi.

Chakula kikaiva. Binti yangu akaleta jagi na karai, akanimiminia maji mikononi, macho chini, vile watoto wa kwetu hufundishwa kunawisha wageni. Nikamwambia, "Asante, mami." Akamgeukia mama yangu.

"Mama, mgeni atalala wapi?"

Hamu ya kula ikaniisha. Nikatoka, nikasimama nyuma ya jikoni, nikalia bila haya. Mama akanifuata, na badala ya kunyamaza, nikamfokea.

"Si ungepika tu sukuma wiki! Kuku wa nini? Kwani mimi ni nani hapa?"

Hakukasirika. Alinipangusa uso kwa leso yake.

"Mimi nilitaka kupika sukuma," akasema. "Huyu mtoto ndiye alikataa. Kuku ni wake, amemfuga tangu akiwa kifaranga. Ati mgeni wa Nairobi asipokula kuku, hatarudi tena."

Nikarudi ndani, nikala kila nilichopakuliwa, nikatafuna hata mifupa, binti yangu akiniangalia mpaka nikamaliza. Asubuhi yake nikarudi kazini.