Mkono Anaouvuta Bibi Kamado

Bibi yangu, Kamado, hakuwahi kufundishwa karate. Tangu ujana aliuza tofu, jibini ya soya, sokoni katika mji wetu wa Ginowan, na jioni alipeleka chai uani, ambako mumewe, babu Seitoku, alifundisha vijana. Miaka yote hiyo aliitazama ile miondoko ikirudiwa kwa mpangilio uleule, mpaka akaijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwa dada yake. Maana yake hakuuliza. Babu mwenyewe hakuwa mtu wa kueleza. Mwanafunzi akitaka kujua mkono huu ni wa nini, alijibiwa, "Rudia."

Sasa babu alikuwa amewasahau wanafunzi wote. Mwili wake haukusahau kitu. Helikopta za kambi ya jeshi iliyo jirani zilipopita karibu sana na paa, vita vya utotoni mwake vilimrudia, na yeyote aliyekuwa karibu akawa adui. Mara ya kwanza alimkaba bibi jikoni. Bibi akavaa skafu wiki nzima, katika joto lile, akiwaambia wateja ana kikohozi.

Mjomba Seiji, mwanawe, ambaye siku hizi ndiye anayefundisha pale uani, hakudanganyika.

"Mama, vua hiyo skafu."

"Nina kikohozi."

"Kikohozi chenye vidole?"

Akasema wazi: ama mama ajifunze kujinasua, ama baba apelekwe nyumba ya wazee kule Nago. Bibi alimwogopa mumewe, lakini nyumba hiyo aliiogopa zaidi. Babu hali chakula cha mkono wa mtu mwingine. Angekauka huko.

Basi akajifunza. Mjomba alichagua kipande kimoja tu: mkono mmoja unavutwa ubavuni, mwingine unakwenda mbele, mguu unaingia, goti linashuka.

"Unavuta, unajinasua, unampiga hapa," akasema, akijigusa koo. "Ndiyo maana yake."

"Baba yako alikwambia?"

"Kila mtu anajua, Mama."

Bibi aliamini. Babu alipomkamata tena, akavuta kama alivyofundishwa. Kadiri alivyovuta ndivyo babu alivyozidi kumwona adui. Wakavutana mpaka babu akagonga bega kwenye kabati, akalia kama mtoto. Bibi akamkanda kwa kitambaa cha maji. Mjomba akasema Jumatatu anapiga simu Nago.

Jumapili mchana nilikuwa nakata matango machungu. Bibi alikuwa akimfunga babu vifungo vya shati. Nilisikia helikopta, nikaona mikono ya babu ikipanda shingoni kwa bibi.

Bibi akavuta mkono ubavuni. Ngumi ya kooni haikwenda. Alituambia baadaye kwamba aliogopa tu, mkono ukakataa. Lakini mguu uliingia, goti likashuka, na ule mkono uliokosa pa kwenda ukamzunguka babu mgongoni. Mkono wa babu, ulioshikwa na ule uliovutwa, ulikuwa umebanwa ubavuni mwa bibi. Wakashuka pamoja, polepole, mpaka wakakaa sakafuni.

"Wameondoka?" babu akauliza.

"Wanaondoka."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Hiyo siyo maana yake," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijui maana yake. Njoo unikamate."

"Mama, acha."

"Nikamate. Au mwalimu anaogopa kikongwe?"

Akamkamata. Punde si punde naye alikuwa sakafuni kando ya baba yake, akiutazama mkono wake uliobanwa ubavuni mwa mama yake.

"Huu mkono unaovutwa ubavuni," akasema. "Siku zote nilidhani uko mtupu."

"Labda uko mtupu siku nyingine."

"Na ile ngumi?"

"Mkamate mwizi, utaihitaji. Na hii njia yangu kesho inaweza kukataa. Mimi nitajuaje?"

Jumatatu mjomba hakupiga simu. Alisema, "Tuone kwanza," akaja kujaribu na bibi pale karibu na sinki, ambako goti halina nafasi ya kushuka. Bado hawajapata jibu la hapo.

Bibi bado anaogopa. Zamani, mlio wa helikopta ukianza mbali, alikuwa akijificha nyuma ya mlango. Sasa anaacha anachofanya, anafuta mikono kwenye aproni, na kabla mlio haujafika juu ya paa anamsogelea babu.