Barua ya Kuuliza Kama Baba Yuko Hai

Barua ilitaka kujua kama baba yangu yuko hai. Haikuuliza kwa ukali. Ilisema tu kwamba kila anayepokea pensheni ya kiwanda atie saini mbele ya mtu mwenye muhuri wa kisheria, kuthibitisha kuwa ni yeye na kwamba anaishi, kabla ya mwisho wa mwezi. Asipofanya hivyo, malipo yangesimama.

Barua zote za nyumbani nilizifungua mimi, kwa kuwa nilikuwa binti aliyehitimu chuo mwaka ule na sikuwa na kazi nyingine. Baba alikuwa amefunga masanduku miaka kumi na miwili katika kiwanda kimoja Louisville. Alipostaafu tulihamia Buffalo, kwa kaka yangu, katika nyumba ya mbao huko West Side. Pensheni ya baba ndiyo iliyolipia gesi ya kupasha nyumba hiyo joto, na upepo wa ziwani ulizijua nyufa zake zote.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi: mpe mzee kalamu. Lakini mtoto anaanzaje kumwambia baba yake athibitishe kwamba hajafa? Kwetu kifo cha mzazi hakitajwi mbele yake. Mama aliwahi kumfukuza muuza bima ya mazishi kwa maombi, kwa sauti, mpaka akafika kwenye gari lake. Niliandika sentensi kumi na moja za kuanzia mazungumzo. Ile ya heshima kuliko zote haikuwa na neno "hai", na kwa sababu hiyo haikuwa na maana. Nikaificha barua ndani ya kamusi. Baba alipokohoa wiki ile, niliona ni kosa langu.

Zilipobaki siku tisa, nilimpigia simu baba mdogo, aliyeishi Columbus. Neno zito hupitia kwa mtu wa kati, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wetu wa kati, hata kwa ndoa.

"Ulikaa nayo wiki tatu?" aliuliza. "Na hiyo diploma walikupa ya nini?"

"Niliogopa, baba mdogo."

"Bon. Nipe mkubwa."

Nikampa baba simu, nikakimbilia jikoni. Nikamsikia akicheka mpaka kiti kikalia.

"Mama!" aliniita, kama anavyoniita tangu utoto. "Hii si kontrole tu? Baba yangu alikuwa mwalimu. Kila mwaka alienda Uvira, kule kwetu, kuhesabiwa pamoja na wastaafu wenzake, mstari mrefu, jua kali. Asiyeonekana amekufa, hata kama yuko nyumbani anakula."

Kwa wiki tatu nilikuwa nimemkinga na kitu alichokijua tangu akiwa mtoto.

"Donc," aliendelea, "Louisville tunaenda lini?"

Nilimweleza kwamba muhuri uko hata benki ya North Buffalo, mabasi mawili tu.

"Halafu karatasi inaenda peke yake? Kwa barua hata maiti anaweza kusema niko muzima. Kontrole ni kuonekana."

Nikamgeukia mama anisaidie. Alikuwa anapiga pasi suti.

Tulisafiri kwa gari la kaka, mimi nikiendesha. Tulilala Columbus, ambako baba mdogo alitulisha sombe ya majani ya muhogo na kusimulia kisa changu mbele ya watoto wake. Mmoja aliuliza kwa Kiingereza kama baba mkubwa anakwenda kufanya mtihani wa kuwa hai.

"Ndiyo," baba mdogo akamjibu, "na dada yako alitaka kumfelisha."

Louisville tulianzia Highview, tulikoishi zamani, kwenye duka la kutuma vifurushi. Msichana wa pale, mwenye ule muhuri wa kisheria, alitazama kitambulisho, akatazama saini, akagonga muhuri. Dakika nne.

"Hakuniangalia usoni," baba alisema tulipotoka.

Kwa hiyo tukaenda kiwandani. Mlinzi wa geti alieleza kwa upole kwamba pensheni hushughulikiwa na ofisi nyingine, katika jimbo jingine. Nilipomtafsiria, baba alisema hana shida, ila huyu bwana aandike kwamba amemwona. Mlinzi aliitazama ile suti kwa muda. Kisha akachukua stika ya wageni, akaandika jina la baba, tarehe na saa, akambandika kifuani.

Zamu ya asubuhi ilikuwa inatoka, na wenzake wa zamani, watu wa kwetu, walimwona kutoka mbali.

"Papa! Ungali muzima? Tulisikia barafu ya Buffalo ilishakumaliza!"

"Ndiyo banauliza! Sasa ninyi ni mashahidi."

"Tutasema tuliona suti tu!"

Alirudi garini akiwa mrefu kuliko alivyoshuka. Kabla ya kufunga bahasha, aliibandua stika na kuitia ndani pamoja na fomu. Nilimwambia wameomba ukurasa mmoja.

"Hiyo yako ni saini," alisema. "Hii ni ushahidi."

Tuliituma palepale Louisville. Barabara nzima nilifikiria. Stika ilionyesha kwamba mstaafu aliingia kiwandani siku ya kazi. Je, wakidhani amerudi kazini na kumkatia pensheni? Tulipofika Columbus nilikuwa nimeshatunga barua mbili za kuomba radhi kichwani, na baba alikuwa amelala, stika haipo, tai haijalegea.

Mwezi ulipoanza, pensheni iliingia kama kawaida. Kuhusu stika hakuna aliyesema neno.

Mwaka uliofuata barua ilipokuja sikuificha. Niliingia nayo sebuleni nikiwa bado na koti, nikampa baba. Hakuifungua. Aliutambua ule ukingo wa buluu wa bahasha, akamgeukia mama.

"Suti iko wapi?"

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi, ya majaribio. Nikakaa mezani kumwandikia bosi wangu kuomba ruhusa ya siku tatu, kwa sababu baba yangu yuko hai.