Sekunde Kumi na Moja za Baba Zuhura

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa naona haya, na leo umenikumbusha wewe. Asubuhi nimekuona unauingiza mkanda wa zamani wa televisheni kwenye kompyuta, unaubana uwe mdogo upite kwenye simu, halafu unashangaa nyuso zimekatika vipande vya mraba kama vigae. Ukailaumu kompyuta. Mimi niliilaumu kabla hujazaliwa, kwa hiyo kaa hapo nikueleze.

Nilikuwa na chumba pale Kilosa mjini, kazi yangu kuhamisha mikanda kwenda kwenye CD. Kompyuta zilikuwa chache, mimi najua kuziwasha na kuzizima, basi nikajiona profesa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ila nani angeniambia nikasikia?

Akaja Mama Zuhura, mjane kutoka Mvumi. Mumewe alikuwa mkulima wa mpunga, na mwaka aliokufa watu wa televisheni walipita shambani kwake wakamhoji. Mwenye gesti moja huko Mikumi alikirekodi kipindi kile kwenye mkanda. Mama hakuwa na picha nyingine ya mumewe, hata ya pasipoti. Zuhura alifiwa na baba akiwa bado ananyonya. Sasa ameanza darasa la kwanza, kila siku anauliza baba alikuwaje, na mama maneno yamemwishia. Alitaka mtoto amwone baba yake, basi.

Mkanda ulijaa chenga, zile nukta nyeupe zinazochezacheza kwenye picha, maana antena za Mikumi siku zile zilikuwa zinabahatisha. Mimi nikauingiza na chenga zake vilevile. Nikaona nimfurahishe mama wa watu, nikamwongezea taarabu na sherehe za harusi za watu asiowajua, CD ijae. Ili vyote vienee, nikabana mpaka basi. Faili kubwa la mwanzo nikalifuta, kompyuta ilikuwa imejaa.

Mama akaja na mtoto kutazama. Baba Zuhura akaanza kueleza habari za maji na mpunga, sauti safi kabisa. Usoni vigae vitupu, vinahama kila akitikisa kichwa. Mama akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akarudi nyuma. Hakunifokea.

"Binti yangu," akaniambia mimi, "sauti ni yake. Huyo anayesema simjui."

Mtoto akamuuliza mama yake kama baba alikuwa hana macho. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Unadhani nilikoma? Walipoondoka nikalichukua lile faili lililokwisha kubanwa, nikalibana upya kwa njia nyingine, nikitumaini litanyooka. Likazidi kuoza. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Kompyuta ikibana, ilichotupa imetupa.

Ndipo nikaenda Mabwerebwere kwa Mzee Salumu, fundi wa televisheni. Ningeenda mwanzo, lakini kuuliza niliona ni ujinga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama kazi yangu. Akauliza faili la mwanzo liko wapi. Nikasema nimelifuta. Akanyoosha mkono nimpe mkanda wenyewe. Mkanda, alhamdulillahi, ulikuwepo, ila una ukungu na umejikunja pembeni. Akasema utapita kwenye deki ya kuchezea mikanda mara moja, ya pili haahidi.

"Wewe si mtoto wa mkulima?" akaniuliza. "Kwenu mnafunga gunia na pumba zake? Kompyuta haijui uso wa mtu. Inaona chenga zinachezacheza, inadhani ndiyo habari yenyewe, inazitunzia nafasi yote. Uso unakosa. Pepeta kwanza, ndipo ufunge."

Akasafisha deki kwa spiriti, tukauzungusha mkanda mara ile moja, mimi nimeshika roho mkononi. Ukapita. Kabla ya lolote akanilazimisha niweke nakala ya faili kubwa pembeni. Kisha tukakata kingo nyeusi na ule utepe wa chini unaorukaruka, kwa sababu navyo vinakula nafasi bure. Tukaunganisha mistari: televisheni ya zamani ilirusha picha nusunusu, mstari huu halafu ule, ndiyo maana mkono ukipita unaota meno kama kitana. Mwisho tukaja kwenye chenga.

Na hapo nikaharibu tena. Kwa hamu ya kusafisha nikaongeza nguvu ya kufuta chenga hadi mwisho. Baba Zuhura akatoka laini kama yai.

Mzee Salumu akavua miwani. "Huyu kalima juani maisha yake yote. Makunyanzi yake umeyapeleka wapi? Ukipepeta kwa hasira, na mchele unaondoka."

Nikapunguza, chenga chache nikaziacha. Kisha tukaiamuru kompyuta ipitie kazi mara mbili, ya kwanza itazame tu wapi pazito na wapi pepesi, ya pili ndiyo ibane. Na kwenye CD Baba Zuhura akakaa peke yake, bila taarabu.

Tulimwonyesha Mama Zuhura kulekule Mvumi, kwa jirani mwenye televisheni. Uso wa mumewe ulikaa karibu na kamera kwa sekunde kumi na moja, nilizihesabu. Alikuwa anakunja macho kwa jua, na nyusi ya kushoto ilikuwa imepanda juu kuliko mwenzake. Mama Zuhura alikuwa anarudia tu, "Ndiye. Ndiye huyu." Mtoto akaomba irudiwe. Halafu akaenda kuchukua kioo cha mwenye nyumba, akakaa nacho mbele ya televisheni, anamtazama baba, anajitazama yeye. Nyusi ilikuwa ileile. Nililia, sioni haya kusema.

Mkanda wenyewe ulikatika tulipojaribu kuucheza tena.

Basi nisikie. Cha mwanzo usikifute, hata kompyuta ikijaa. Kilichobanwa usikibane tena, rudi kwenye cha mwanzo. Safisha kabla ya kubana, na usafishe kwa kiasi, maana mtu ana makunyanzi yake. Usijaze vya kupendezesha hadi kilichoombwa kikakosa nafasi. Na usilolijua uliza, mzee hakuli.

Mungu akupe mkono mwepesi na subira, mwanangu, akujalie kazi ambayo mwenyewe akiitazama aseme ndiye huyu. Na asiwepo mtoto wa kuja kukuuliza kama baba yake alikuwa hana macho.