Siku Mashine Ziliponyamaza Katikati ya Maombi

Saa kumi na mbili asubuhi, mashine za kufulia zinanguruma kana kwamba zimemeza mawe, na katikati ya ngurumo hiyo mwanamke mmoja anaomba.

"Kwa maombi, jengo zima hili hakuna wa kunigusa," anajigamba Bibi Mvuke, dobi wa hoteli, mjane, ambaye mvuke wa pasi umembabua mikono na kumpa jina. Anakung'uta shuka, kisha anacheka kwa pembe ya mdomo. "Kwa sauti, lakini. Kwa usafi wa ombi lenyewe, usiniulize."

Upande wa pili wa shuka yupo Mama Pacha, mwenzake wa miaka mingi. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe mbili, yule mbili, wananyoosha, wanasogeleana, wanakabidhiana, wanarudi nyuma. Wanaangaliana usoni tangu wanaingia kazini hadi wanatoka. Ukiwa na neno moyoni juu ya mwenzako, kazi hii ni mateso.

Na Bibi Mvuke analo. Mama Pacha anapotoka kuanika taulo, anachungulia mlangoni, anarudi, anashusha sauti na kusimulia.

Mwaka jana wageni walipungua hotelini, ghorofa nzima ikafungwa. Msimamizi akapita akisema kati ya madobi wawili atabaki mmoja, jina litatajwa Ijumaa. Bibi Mvuke chakula hakikupita. Ana wajukuu wanaomtazama yeye, na mtu wa umri wake nani atamwajiri tena?

"Nikasema, mimi ni mtu wa Mungu, najua pa kwenda."

Pa kwenda palikuwa palepale, nyuma ya mashine, anapoombea kila siku. Pale mtu hupayuka apendavyo. Hata aliye karibu haambulii neno.

Alhamisi ile alipayuka kweli. Mama Pacha alikuwa ametoka na ndoo. Bibi Mvuke akafumba macho, akainua mikono, akafika mahali pazito, na papo hapo umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja. Sauti yake haikuwahi kushika breki.

"Basi aondoke mwenzangu, Bwana, yeye ana mume mwenye pikipiki!"

Maneno yakagonga vigae, yakarudi, yakamkuta mwenyewe mdomo wazi. Alipofumbua macho, Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Mbona kimya? Umeme umekwenda?" Akapita na ndoo yake.

Ijumaa msimamizi hakutaja jina la mtu. Wote wangebaki, wakifanya kazi hadi saa sita mchana kwa nusu mshahara. Bibi Mvuke akaanza kupiga vigelegele na kumsifu Mungu, msimamizi akamkata kauli: "Mshukuru na mwenzako. Jana jioni alikuja ofisini kuniomba mgawane kazi hii."

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Bibi Mvuke, akijifuta uso na foronya. "Sare ya kwaya ilinishinda kuvaa. Kanisani nikawa nakaa karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kuuliza njia."

Hakuacha kupiga magoti, ila kwa majuma kadhaa hakuomba kitu.

"Nikaona Mungu hanifukuzi. Hoteli yenyewe leo ipo, kesho sijui. Lakini nikiwa pale chini, hofu inaniacha. Siku hizi naomba nikichagua maneno, na wa kwanza kumtaja ni Mama Pacha. Pikipiki namwachia mwenyewe."

Kwa Mungu ameshatubu. Kwa Mama Pacha, bado. Kila wakikutana kwenye pembe za shuka, neno linafika mdomoni, linarudi. Na sasa muda umembana: wawili hao wamepata chumba chenye bomba, wanataka kufua nguo za watu mchana na kujitegemea kabla hoteli haijawageuka.

"Siwezi kufungua mlango mmoja naye huku nimebeba hili tumboni," anasema.

Mama Pacha anarudi. Wanashika shuka jingine.

"Mama Pacha, siku ile umeme ulipokatika..."

"Siku ipi, Bibi? Si unakatika kila siku?"

"Ile ya ndoo. Niliomba wewe ndiye uondolewe."

Shuka linalegea. Mama Pacha anatazama dari.

"Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa kule bombani, maji yanapiga kelele. Hebu shika pembe vizuri."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilisema wewe una mume, atakulisha."

"Atanilisha nini!" Mama Pacha anafoka. "Pikipiki yenyewe haijawaka tangu mwaka juzi, iko sebuleni tunaanikia soksi!"

Bibi Mvuke anasita, pembe zake mbili mkononi.

"Pikipiki? Nani ametaja pikipiki hapa?"

Mama Pacha taratibu anainua shuka mpaka usoni.